Barua Moja, Mabakuli Kumi na Moja

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili. Hata Stellamaris wa nyumba ya pili, ambaye hujua mambo yote ya mtaa huu kabla hayajatokea. Mama yangu yuko Ujerumani kwa sababu yangu.

Nauandika ukweli wote, kisha naficha daftari nyuma ya gunia la mchele.

Agosti ya mwaka jana Mama aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kuomba kazi ya uuguzi huko, katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa amesoma Kijerumani Dar kila Jumamosi kwa mwaka mzima, darasa moja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Niliiandika barua kwa siku tatu. Ilikuwa nzuri kuliko insha zangu zote. Mama akaisoma. Akasema hapana. Umri umekwenda, na nani atamwekea Baba chai saa kumi na moja alfajiri? Akaniambia niifute.

Nikaitikia ndiyo Mama. Kisha nikaituma.

Sikutaka aende! Nilitaka mtu aisome barua yangu, basi.

Barua pepe ya Mama mimi ndiye niliyemfungulia, kwa hiyo jibu lilipokuja nililiona wa kwanza. Nikalisoma kwa sauti mezani. Baba akamtazama Mama. Mama akamtazama Baba. Hakuna aliyeuliza nani aliituma. Mimi ni mtoto anayeaminika, na mtoto anayeaminika hashukiwi. Mwisho wa Aprili tukamsindikiza uwanja wa ndege. Alivaa koti la kuazima na viatu vya harusi ya mdogo wake.

Sasa miezi yake sita ya majaribio inaisha tarehe 31 mwezi huu. Atatia saini mkataba wa miaka miwili, au atarudi nyumbani.

Jana alipiga simu. Amekutana na jirani kwenye ngazi, mama wa makamo. Akamwamkia inavyopaswa. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, umelalaje, mguu unaendeleaje, maana alimwona akichechemea wiki iliyopita. Yule mama akarudi nyuma hatua mbili, akamuuliza kama kuna ajali imetokea. Mama alicheka alipokuwa akisimulia. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Nakijua kicheko cha Mama, huwa kinapanda kama mtu anayekimbilia basi. Hiki kilibaki kituoni.

Nimeamua. Niliyempeleka ni mimi, na mimi ndiye nitakayemrudisha. Nimebakiwa na siku kumi na tisa.

Mpango: nitamtumia sauti za nyumbani. Kila siku moja. Akizisikia, kalamu itamwanguka mkononi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda stendi ya Kwa Mathias kurekodi kelele. Mama alikuwa akisema kwamba akisikia wale wapiga debe anajua keshafika nyumbani, hata kama amesinzia tangu Mbezi.

Nikasimama karibu na muuza mahindi. Nikatoa simu. Nikainyoosha mbele, kama nilivyoona waandishi wa habari wakifanya. Mpiga debe mmoja, wanamwita Seifu, akanyamaza katikati ya neno. Akauliza yule dada mwenye miwani anarekodi kwa niaba ya nani. Muuza mahindi akasema huenda ni mtu wa kodi. Muuza soksi akafunga mwavuli wake. Stendi nzima ikatulia! Basi la Morogoro likaondoka bila hata mtu mmoja kuliitia abiria.

Nilitaka kueleza, lakini mimi nikitazamwa na watu zaidi ya watatu sauti inakwenda likizo. Nikawaamkia wote shikamoo, hata vijana wa rika langu. Wakaitikia marahaba kwa huzuni kubwa.

Nimerekodi dakika nne. Ni upepo, na mimi nikisema shikamoo mara saba.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Hakuna shule. Nimekwenda kwa Bibi, mama yake Mama, kule Masaki. Masaki ya Kisarawe, si ile ya matajiri wa Dar. Mwaka juzi Stellamaris aliwaambia wanafunzi wenzetu kwamba Bibi yangu anaishi Masaki, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu maarufu.

Bodaboda alikuwa Kitwana, anayemjua Mama tangu wakiwa watoto. Njia nzima aliniambia Mama alivyokuwa akipanda mikorosho kuliko wavulana. Nilijaribu kumwazia Mama juu ya mti. Nilishindwa. Nimemzoea akiwa na gauni jeupe la kazi na saa kifuani.

Bibi alikuwa anakaanga korosho kwenye kipande cha debe, moshi unapanda, maganda yanalia na kutema mafuta. Harufu ile! Nikasimama mlangoni kama mjinga. Nilikuwa na miaka sita tena, Mama yuko kwenye mkeka, vidole vyeusi kwa utomvu, anabangua korosho na kunipa zile nzima. Zilizovunjika anakula yeye. Nilidhani anapenda zilizovunjika.

Nikamweleza Bibi kazi ya simu. Akauliza Ujerumani ni mbali kiasi gani. Nikamwambia. Basi akavuta pumzi, akapiga kelele kwenye simu hadi kuku wakakimbilia mihogoni. Nikamwambia Bibi, simu inasikia hata ukinong'ona. Akasema mimi namdanganya, yeye mwenyewe kuku wa jirani tu hamsikii.

Salamu zake zimechukua dakika kumi na moja. Amemwamkia Mama, kisha wenyeji wa Mama, kisha wazazi wa wenyeji, waliokufa na walio hai. Akasema mvua ya vuli inasitasita, mihogo ya upande wa bondeni imeota vizuri, kisima kimepungua. Mwisho akasema hataki aletewe kitu chochote kutoka huko. Mwanawe Salama ajilete mwenyewe, inatosha.

Sikumfundisha! Ameitunga mwenyewe. Nikamshika mkono kwa shukrani, akadhani nataka korosho, akanipa.

Halafu nikarekodi kinu. Dakika tatu za mchi wa Bibi. Ana mapigo yake, mawili mazito na moja jepesi. Mama naye hutwanga vivyo hivyo. Mimi sijui. Mimi nikitwanga ni kama mtu anabisha hodi akiwa na haraka.

Jumatano, 16 Oktoba

Ushindi!

Mama alisikiliza sauti ya Bibi akiwa ndani ya basi, anakwenda kazini. Akalia. Anasema abiria wote walitazama madirishani, kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza mama, kulikoni. Ila kijana mmoja mwenye pete puani alimwekea pakiti ya karatasi laini mapajani, akashuka kituo kinachofuata bila neno.

Mama alisema hajui mpaka sasa kama ule ni ukarimu au ni kumkataza.

Nimemliza mama yangu mbele ya Wajerumani. Mpango unakwenda vizuri sana.

Sikula chakula cha usiku. Baba akauliza kama naumwa. Nikasema ni mtihani wa Jiografia. Baba alikuwa amepika ugali. Ulikuwa na uwezo wa kusimama wenyewe bila sahani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Balaa. Balaa kubwa.

Mama amewasha sauti ya kinu kazini. Alikuwa anajisikilizia wakati anatandika vitanda. Chumba kile analala bibi mmoja aitwaye Hannelore, miaka tisini na moja, kumbukumbu zimemtoka, hajasema neno tangu kiangazi. Mchi wa Bibi ulipoanza, Bi Hannelore akainua mkono akagonga meza. Mawili mazito, moja jepesi. Kisha akasema jina la dada yake!

Sasa nyumba nzima inataka kinu. Mkubwa wa Mama amemshika mikono miwili, jambo ambalo Mama anasema huko hufanyika kwenye misiba na harusi tu. Wamemuuliza kama ana sauti nyingine. Mama ameniagiza orodha, kama mtu anayeagiza dawa: mvua kwenye bati, kuku asubuhi, nazi ikikunwa, watu wakiimba.

Nilituma mpango wa kumrudisha, umekuwa kazi yake mpya.

Tena ikabidi nimwombe Stellamaris msaada, kwa sababu ana jogoo na anaimba kwaya. Aliimba beti mbili tu akiwa anaanika nguo, hata hakujiandaa. Mama amejibu kwamba wazee wameomba tena ile ya msichana mwenye sauti. Ile niliyorekodi mimi, nikisoma shairi langu kuhusu upweke, Mama amesema ilikuwa nzuri na wazee wamelala vizuri sana.

Stellamaris amenipa pole. Simpendi mtu anayetoa pole huku anatabasamu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mungu amefungua mlango mwingine. Au si Mungu, sijui, maana sijisikii vizuri.

Wiki iliyopita Mama alikaanga vitumbua kwa unga wa mchele alioutafuta mji mzima. Akajaza bakuli, akampelekea mzee anayeishi chini yake peke yake, Bwana Dieter. Mzee akapokea. Alhamisi Mama akalikuta bakuli kwenye kitasa cha mlango wake, ndani ya mfuko wa karatasi. Limeoshwa linang'aa. Tupu!

Mama alisema neno hilo kwa sauti ya chini. Tupu, mwanangu Sikudhani. Hata chembe ya chumvi hakuna.

Nilimwelewa. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi hivyo. Mama aliwahi kurudisha sufuria ya Mama Stellamaris ikiwa na nyanya mbili na kitunguu kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, na Mama Stellamaris, ambaye kwao ni Uchagani na alikuwa mgeni hapa, akauliza nyanya za nini. Mama akacheka akamwambia za kuzuia sufuria isione aibu njiani. Tangu hapo vyombo vimekuwa vikivuka ule ua wa michongoma miaka tisa bila kupumzika. Bakuli likirudi tupu maana yake ni moja. Tumemalizana, usije tena.

Mama akaniuliza mimi, kwa kuwa nasoma vitabu, kama huko lina maana hiyo hiyo.

Siku kumi na moja zimebaki. Nikasema ndiyo. Nikasema nimesoma mahali kwamba kwao ndivyo wanavyomkataa jirani kwa adabu. Hakuna mahali niliposoma hivyo! Kitabu pekee cha Ujerumani maktabani kwetu kinahusu reli.

Mama akasema, haya. Akasema tu haya.

Nilipokata simu nikatazama juu ya kabati la jikoni. Kuna mabakuli kumi na moja pale, na mahotpoti ndani ya hesabu hiyo. Mama alipoondoka majirani walituletea chakula wiki tatu mfululizo. Tukala. Tukaosha. Hatujarudisha hata kimoja kwa sababu hatuna cha kutia. Ugali wa Baba haufai kupelekwa kwa mtu usiyemchukia. Baba siku hizi anapita njia ya nyuma, ya kwenye korongo, akitoka kazini, ili asikutane na Mama Stellamaris. Mtumishi wa serikali, miaka hamsini na moja, anaruka korongo na mkoba wa mafaili.

Jumatano, 23 Oktoba

Mama harudi nyuma tena. Ameamua. Hatatia saini.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasema mchele umekwisha. Amechoka kujipima kila neno. Amechoka kukaa chakulani na watu ambao kila mmoja amekuja na chakula chake kwenye kopo na anakula kutoka humo humo, na hakuna anayesema karibu. Wiki ya kwanza alisema karibu, mwenzake akavuta kiti akauliza kuna tatizo gani. Amechoka na lile bakuli. Ameliweka juu ya jokofu na kila asubuhi linamtazama.

Nikafurahi! Nikaruka. Nikagonga kichwa kwenye mlango wa kabati.

Kisha Mama akasema jambo lingine. Akasema nimwandae Baba polepole. Anajua atavunjika moyo. Kwani si yeye aliyeituma ile barua kwa siri? Alitaka niende, Mama akasema, hakuwa na ujasiri wa kuniambia usoni. Sikutaka kumwangusha, ndiyo maana nilikwenda.

Mama akauliza kama mtandao umekatika.

Jioni nikamwambia Baba kwamba Mama anarudi. Nilitegemea atabasamu. Aliendelea kupiga pasi shati lake. Akasema sawa, kama anataka kurudi, arudi, na alipotaka kwenda alikwenda. Aliituma barua yake bila kunishirikisha, akasema. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mama yako hajawahi hata kununua pazia bila kuniuliza rangi. Akapiga pasi kola ile ile mara nne. Nikaona shingo yake kwa nyuma, ilivyokonda.

Basi. Kwa mwaka mzima Baba anaamini Mama alimkimbia. Kwa mwaka mzima Mama anaamini Baba alimsukuma. Kila mmoja amelimeza lake kwa heshima. Na mimi nilikuwa katikati yao mezani, nikiomba chumvi.

Jumapili, 27 Oktoba

Mama hupiga saa tisa alasiri kila Jumapili. Saa tisa ikafika. Kimya. Saa tisa na nusu. Baba akasema hasubiri simu yoyote, alikuwa tu amependa kukaa karibu na simu. Alikuwa amevaa shati la Ijumaa. Saa kumi kasoro akaanza kufuta vumbi kwenye redio isiyofanya kazi.

Saa kumi kamili ikalia. Kumbe kwao leo wamerudisha saa nyuma! Nchi nzima, Mama anasema, wanaamka na kukuta saa moja imeongezwa. Baba akauliza nani aliwaruhusu.

Nilikuwa nimeitumia ile saa moja ya ziada kujiandaa. Nilikuwa nimeandika karatasi. Ukurasa mmoja na nusu, wenye utangulizi.

Baba akaweka simu kwenye spika. Nikaanza kusoma. Sauti ikatoka kama ya panya. Baba akasema sema kwa sauti. Mama kutoka Ujerumani akasema sema kwa sauti, mwanangu. Nikaiacha karatasi. Nikafumba macho nikapiga kelele kama Bibi.

Nikasema barua niliituma mimi! Si Baba, si Mama! Mama aliniambia niifute! Na Wajerumani hawana maana yoyote ya bakuli, nilitunga!

Upande wa pili wa michongoma nikasikia Stellamaris akimwita mama yake aje haraka.

Baba alikuwa ananitazama kama faili lililopotea tangu mwaka elfu mbili na tano likapatikana kwenye droo yake mwenyewe.

Mama akacheka. Kile kicheko chake chenyewe, kinachopanda. Kikapanda kikapanda, halafu kikageuka kilio, halafu kikarudi kuwa kicheko. Baba akasema, Salama, mimi sikuituma. Mama akasema, nami sikuituma, Baba Sikudhani. Baba akaitoa simu kwenye spika. Akatoka nayo nje, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, mgongo kwangu.

Walizungumza saa moja na dakika kumi na saba. Sikusikia maneno. Nilisikia Baba akisema mm, mm, kama zamani, Mama alipokuwa akimsimulia mambo ya wodini huku akichambua mchele, na mimi nikiwa chini ya meza na kitabu. Nilikaa chini ya meza. Magoti hayaenei tena.

Jumatatu, 28 Oktoba

Adhabu imetangazwa. Nimepigwa marufuku kugusa barua pepe ya mtu. Na nitarudisha mabakuli yote kumi na moja. Mwenyewe. Kwa miguu. Yakiwa yamejaa.

Kumbe Mama jana hakulala na jambo. Alishuka ngazi na lile bakuli, akamgongea Bwana Dieter, akamuuliza kwa Kijerumani chake chote alikosa nini. Mzee akashtuka. Hakuna kosa! Vitumbua alivila vyote akiwa amesimama mlangoni, kabla hajafika hata kwenye kiti. Bakuli aliliosha mara mbili kwa sababu alitaka lirudi safi kuliko lilivyokuja, ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Akatundika mlangoni asije akamsumbua. Mama akamweleza desturi yetu. Bwana Dieter akashika kichwa. Akasema basi katika maisha yake amewatukana majirani wengi sana.

Leo asubuhi bakuli lilikuwa kwenye kitasa. Lina matofaa sita kutoka bustani ya dada yake, na kipande cha karatasi. Mama amenitumia picha. Nimemuuliza karatasi inasema nini. Anasema imeandikwa: lisione aibu.

Jumatano, 30 Oktoba

Jana asubuhi Bibi alimkabidhi Kitwana nusu gunia la korosho, Kitwana akampa mtu wa gari, mtu wa gari akalishusha Kwa Mathias. Seifu yule mpiga debe ndiye aliyenipokelea. Akanitambua. Akauliza kama leo sirekodi. Nikasema hapana. Akasema pole, walikuwa wamejiandaa.

Nikajaza mabakuli. Nikabisha hodi nyumba kumi na moja ndani ya siku mbili. Mimi! Ambaye darasani nikijua jibu naliandika kwenye kiganja badala ya kunyoosha mkono.

Nilidhani nitakabidhi na kukimbia. Haiwezekani. Karibu, kaa, mama hajambo, anakula nini huko, baridi haijamla? Na kila nyumba ina Mama wake ambaye mimi sikumjua. Mzee Onesmo wa kona anasema Mama ndiye aliyemchoma sindano usiku ambao mvua ilivunja daraja. Mwalimu Elinipa anasema Mama ndiye aliyemfundisha kukuna nazi, maana yeye alikuja hapa hajui mbuzi inakaliwa upande gani. Na siku ya kwanza Mama Stellamaris alipohamia hapa alilia jikoni kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya kwao, wala ndizi za kwao, wala baridi ya kwao. Akasikia hodi. Alikuwa Mama, ameshika sufuria.

Aliniambia haya huku akizimimina korosho zangu kwenye ungo. Kisha akaniambia nisubiri. Akanirudishia bakuli letu la bluu, lililokuwa kwake tangu Aprili, lina maharage ya moto mpaka juu.

Baba leo amepita njia ya mbele. Amesalimia watu wote. Amechelewa saa nzima.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mama ametia saini.

Si miaka miwili. Aliomba mmoja, wakamkubalia kwa sababu ya kinu. Usiku wa jana yeye na Baba waliiandika barua ya maombi pamoja, kwenye simu, neno kwa neno. Sikuruhusiwa kuiona. Nilisikia Baba akitamka nukta zote.

Mama ameniambia nisilie. Akasema mara ya kwanza alipelekwa, na mtu aliyepelekwa kila kitu kinamuuma. Safari hii amekwenda mwenyewe. Akasema Bi Hannelore sasa anamsubiri dirishani. Yule jirani wa ngazi alimsimamisha jana, akavuta pumzi kama anaruka maji, akamweleza habari za mguu. Dakika tano nzima. Mama alichelewa basi na hakujali.

Nililia maktabani, nyuma ya kitabu cha reli. Kina kurasa kubwa.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimetulia. Nimejifunza. Sitaingilia tena maisha ya watu wazima. Nimeandika azimio hilo kwenye karatasi safi, nikalibandika ukutani juu ya kitanda.

Mvua imenyesha asubuhi. Nimeirekodi kwenye bati, kwa ajili ya wazee tu. Baba alikuwa amekaa na daftari la Kijerumani la Mama, lile lenye alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Akaniuliza shikamoo kwao wanasemaje. Nikamwambia haipo. Akauliza basi mtu mzima anajuaje kwamba ameingia mahali?

Baadaye akawa anasema maneno peke yake jikoni. Mkate. Mlango. Mke wangu. Akasema, bila kunitazama, kwamba katika miaka ishirini na sita ya kazi hajawahi kuomba likizo ndefu. Kwamba mtu angeweza kwenda miezi mitatu, kuona tu Mama anakaa wapi, kumwekea chai. Nikamwambia aombe. Akacheka. Akasema umri umekwenda, mkubwa wake ataonaje, tena nani atabaki na mimi. Niachane nayo.

Nikaitikia ndiyo Baba.

Saa nane mvua ilipokatika nilikwenda kwa Mama Stellamaris, nikamuuliza kama ninaweza kukaa kwao miezi mitatu, akasema hata minne. Kisha nikatembea hadi Kwa Mathias. Nikaingia duka la intaneti, nikakaa kompyuta ya dirishani. Nikaandika barua ya kuomba likizo, kwa jina la Baba, kwenda kwa mkubwa wake. Aya tatu. Niliisoma mara nne na haikuwa na kosa hata moja. Nikaituma. Nikarudi nyumbani, nikamwamkia Baba shikamoo, nikatia maandazi kwenye bakuli la bluu na kuvuka nalo michongoma.